Gari kuukuu mbele ya mkaguzi: Injini kunguruma si hoja

MWENYE Peugeot 504 akitaka kukusadikisha kwamba gari lake lingali zima, aghalabu hukufungulia boneti. Hutia ufunguo, injini ikawaka mara moja, naye akatabasamu kana kwamba mjadala umekwisha.

Mkaguzi wa magari hashiriki tabasamu hilo. Kwake yeye, injini inayonguruma vyema ni ithibati tu kwamba gari linaweza kuondoka. Anachotaka kujua ni iwapo litasimama, iwapo litashika njia, na iwapo bodi yake itastahimili kishindo pindi litakapogongwa au kutumbukia shimoni.

Tofauti hiyo ya mtazamo ndiyo huwafanya wenye magari ya zamani kupigwa na butwaa wanapokabidhiwa matokeo ya ukaguzi. Gari lililofika kituoni bila kuzima hata mara moja hukataliwa kwa sababu ya mpira uliopasuka, waya ulioshika kutu au kizingiti cha mlango kilichooza. Mmiliki huondoka akinung'unika kwamba ameonewa.

Hata hivyo, karatasi ya matokeo ikisomwa kwa makini huonyesha bayana mahali uzee ulipopenyea. Na katika gari lililotimiza miaka 40, uzee nadra huanzia kwenye injini.

SIFA ZINAZOPUMBAZA

Peugeot 504 ni kielelezo kizuri cha jambo hili, kwa kuwa ni magari machache ya zamani yaliyojizolea sifa nchini Kenya kama hilo.

Lilizinduliwa nchini Ufaransa mwaka wa 1968, umbo lake likiwa limesanifiwa na kampuni ya Pininfarina ya Italia, na mwaka wa 1969 likatawazwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Wakenya walikuwa tayari wanalienzi jina la Peugeot, kwani mtangulizi wake, 404, alikuwa ameshinda mashindano ya Safari Rally miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968.

504 halikuiangusha familia yake. Raia wa Uswidi, Ove Andersson, alishinda Safari Rally kwa gari hilo mwaka wa 1975, naye Mfaransa Jean-Pierre Nicolas akafuata mwaka wa 1978 akiendesha 504 la milango miwili lenye injini ya V6.

Kwa mwananchi wa kawaida, sifa hiyo ilijidhihirisha barabarani. Gari lenye viti vya watu saba lilisafirisha abiria baina ya miji, na pikapu zake zikabeba mazao kutoka mashambani. Magari hayo yaliunganishwa humu nchini hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, miaka mingi baada ya saluni zake kuacha kuundwa Ufaransa.

Ni sifa hizo hizo ambazo huwapumbaza wamiliki wa leo. Gari lililoshinda Safari lilikuwa jipya, likihudumiwa na kundi la mafundi kila lilipopumzika. Lililoegeshwa uani leo limepita mikononi mwa wamiliki kadhaa, kila mmoja akiacha kiraka chake.

SHERIA INASEMAJE?

Nchini Kenya, ukaguzi wa magari ulikuwa kwa miaka mingi chini ya kitengo cha polisi kabla ya jukumu hilo kuhamishiwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2012.

Kwa muda mrefu, ukaguzi wa kila mwaka umejulikana kama jambo la matatu, mabasi, teksi na malori. Magari ya kibinafsi yalifika mbele ya mkaguzi kwa nadra, mathalani yalipobadilishwa injini au rangi, au baada ya ajali. Mapendekezo ya kuyajumuisha magari ya kibinafsi yaliyopitisha umri wa miaka minne yamejadiliwa hadharani.

Lakini kutoitwa kituoni hakumwondolei mtu wajibu. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari lolote lililo barabarani, pamoja na sehemu zake zote, liwe katika hali isiyohatarisha maisha ya waliomo wala ya watumizi wengine wa barabara. Sheria hiyo haibagui gari la mwaka jana na la mwaka wa 1975.

BREKI: MARADHI YA KIMYAKIMYA

Breki ni miongoni mwa mambo yanayoyaangusha magari kuukuu mara nyingi, na mara nyingi pia mmiliki huwa hana habari.

Penye mtambo wa kupima breki, magurudumu huwekwa juu ya roli zinazoyazungusha, kisha pedali hukanyagwa. Mtambo husoma nguvu ya kila gurudumu peke yake. Hapo ndipo siri hufichuka kwamba la kushoto linashika barabara ilhali la kulia linajikokota tu.

Dereva aliyelizoea gari lake huenda asilitambue hilo kamwe, kwa maana mikono yake imejifunza kuurekebisha usukani kidogo kila anapofunga breki. Siku atakapolazimika kusimama ghafla kwenye lami iliyolowa, mikono haitawahi.

Vyanzo vya kasoro hii ni vichache na vinajulikana. Pistoni zinazosukuma pedi hushika kutu na kukwama. Mipira inayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu nayo huzeeka kutoka ndani. Kwa nje huonekana mizima, ilhali ndani imevimba na kuuziba mkondo. Nguvu ya mguu huyasukuma mafuta yakapita, lakini hayarudi upesi, na gurudumu huendelea kujibana hata baada ya pedali kuachiliwa.

Fauka ya hayo, mafuta ya breki yanayotumika katika magari mengi hunyonya unyevu kutoka hewani. Mafuta ya kiwango cha DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya kufikia nyuzijoto 230. Yakishanyonya unyevu kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa ni nyuzijoto 155 pekee.

Upungufu huo hauonekani mtu akienda sokoni na kurudi. Huonekana kwenye mteremko mrefu kama ule wa Mai Mahiu, gari likiwa limejaa na breki zikiwa zimekanyagwa kwa dakika kadhaa. Mafuta huchemka, viputo vya mvuke hujitokeza, na pedali huzama hadi sakafuni bila kulisimamisha gari.

Ajabu ni kwamba tiba yake ni rahisi. Kuyabadilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili hugharimu sehemu ndogo tu ya gharama ya kuikarabati injini, ambayo wengi huiona kuwa ndiyo matunzo.

USUKANI UNAOCHEZA

Baada ya breki, mkaguzi huuliza iwapo gari linakwenda linakoelekezwa. Gari likiwa limeinuliwa, hushika gurudumu la mbele kushoto na kulia na kulitikisa, kisha hulishika juu na chini na kulitikisa tena.

Likicheza kushoto na kulia, shaka huelekezwa kwenye viungo vya usukani. Likicheza juu na chini, huenda beringi zimelika au viungo vinavyolishikilia gurudumu vimechoka.

504 lilipendwa kwa sababu ya springi zake zenye mwendo mrefu, zilizolifanya livuke mashimo bila kuwachosha abiria. Ulaini huo hutegemea shokomzoba na vipande vingi vya mpira vinavyotenganisha chuma na chuma, ambavyo mafundi huviita bushi. Mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Joto huupasua, na oili inayovuja huulainisha hadi ukayeyuka.

Kasoro nyingine ya kawaida ni kuchanika kwa kifuko cha mpira kinachofunika meno ya usukani. Kifuko chenyewe si ghali. Lakini kikishachanika, vumbi na maji huingia na kuyasaga meno hayo, na sehemu nzima ikahitaji kubadilishwa.

Wakati wa matengenezo, viungo vya pande mbili hubadilishwa pamoja. Anayebadilisha shokomzoba ya kushoto na kuiacha ya kulia iliyochoka hujitengenezea gari linaloyumba kwa namna mpya.

KUTU NDANI YA MIFUPA

Kasoro inayoamua kama gari kuukuu litaendelea kuishi au litauzwa kwa mizani ya vyuma chakavu ni kutu.

Saluni ya 504, kama magari mengi madogo ya kisasa, haina chesi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Vizingiti vilivyo chini ya milango, sakafu, na vyumba vya bati vinavyoshikilia springi za mbele ndivyo vinavyobeba uzito wote. Vikioza, gari hupoteza uti wa mgongo hata kama rangi ya nje ingali inametameta.

Pwani, hewa ya chumvi huharakisha uharibifu huo. Bara, matope ya barabara za murramu hunasa kwenye pembe za chini ya gari na kukaa na unyevu wiki nzima. Mazulia yaliyolowa nayo huiozesha sakafu kutoka juu wakati matope yanaitafuna kutoka chini.

Mkaguzi hugonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Chuma kizima hutoa mlio mkavu. Kilichooza hutoa sauti nzito kama ya debe lililojaa mchanga. Mnunuzi naye anaweza kutumia sumaku ndogo iliyofunikwa kwa kitambaa. Isiponata kwenye bati, huenda pale hapana bati tena, bali ni fila iliyopakwa rangi.

Si kila kutu humwangusha mtu. Madoa kwenye mlango au kifuniko cha buti huharibu sura tu. Swali la msingi ni kutu iko karibu na nini. Nchini Uingereza, kwa mfano, kanuni za ukaguzi huzingatia eneo la sentimita 30 kutoka mahali springi, usukani, breki au mikanda ya usalama ilipofungwa. Chuma kilichooza vibaya ndani ya eneo hilo hulifelisha gari.

Katika sehemu kama hizo dawa ni kukata chuma kibovu na kuchomelea kizima. Kupachika kiraka juu ya kutu ni kuifunika tu ili iendelee kula gizani.

MATAIRI, TAA NA MOSHI

Katika gari linalotumika kwa nadra, matairi huleta utata wa aina yake. Huenda mikato yake ingali mirefu kwa sababu gari halitembei, ilhali mpira umekauka na kupasuka ubavuni.

Umri wa tairi huandikwa ubavuni mwake kwa tarakimu nne za mwisho katika msimbo unaoanza kwa herufi DOT. Tarakimu 2319, kwa mfano, humaanisha wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Anayenunua tairi la mitumba bila kuzisoma tarakimu hizo ananunua asichokijua.

Taa nazo huwasumbua wengi. Dereva akikanyaga breki, indiketa huwakawaka. Akiwasha taa za mbele, taa ya nyuma hufifia. Wengine hukimbilia kubadilisha balbu. Katika magari haya, umeme hurudi kwenye betri kupitia bodi, na kutu inapoingia kwenye kiungo cha arthi, umeme hutafuta njia nyingine. Mara nyingi kinachohitajika ni kukikwangua kiungo hicho na kukikaza upya.

Mipira ya petroli na ekzosi ndivyo hufunga orodha. Mpira wa petroli uliopasuka juu ya injini yenye joto ni moto unaosubiri cheche. Ekzosi iliyotoboka chini ya sakafu iliyooza ni hatari zaidi kuliko kelele zake, kwani huingiza ndani gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na humlewesha dereva kabla hajajua kinachomsibu.

KUYASOMA MATOKEO

Watu wengi huyachukulia matokeo ya ukaguzi kuwa ni kufaulu au kufeli basi. Mpangilio unaotumika Uingereza unaweza kumsaidia mmiliki yeyote kuyaelewa vyema zaidi.

Tangu Mei 20, 2018, kasoro nchini humo zimegawanywa katika makundi matatu. Kasoro ya hatari humaanisha gari lisiendeshwe hadi litengenezwe. Kasoro kubwa hulifelisha gari. Kasoro ndogo hailifelishi, lakini mwenyewe hutakiwa kuirekebisha mapema. Kando ya hayo huandikwa ushauri kuhusu vitu vinavyoelekea kuchakaa.

Ushauri huo ndio hupuuzwa zaidi, ilhali ndio wenye faida kubwa. Mpira wa breki ulioandikwa mwaka huu kwamba unaanza kupasuka ndio utakaoandikwa kuwa hatari hapo baadaye. Yeyote aliye na nambari ya usajili wa gari la Uingereza anaweza kusoma mtandaoni historia ya ukaguzi wake tangu mwaka wa 2005, na mnunuzi akaona maradhi yaliyojirudia.

Siku hiyo hiyo ya Mei 2018, Uingereza iliyaondolea ukaguzi wa lazima wa kila mwaka magari mengi yaliyotimiza miaka 40, mradi hayajafanyiwa mageuzi makubwa. Hoja iliyotolewa ni kwamba magari hayo hutunzwa vyema na husafiri masafa mafupi. Wamiliki hawakuondolewa wajibu wa kuhakikisha yanafaa kuwa barabarani.

Hoja hiyo haiwezi kuletwa Kenya kama ilivyo. 504 linalong'arishwa kwa ajili ya mashindano ya Concours d'Elegance huko Ngong, Nairobi, linafanana na magari hayo ya Uingereza. Pikapu ya umri uo huo inayopanda na kushuka milima ikiwa na magunia ya viazi hailingani nayo kwa lolote isipokuwa jina. Moja ni kumbukumbu. Nyingine ingali kazini.

HILA ZA SIKU MOJA

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wapo wanaoazima matairi ya kupeleka kituoni, kisha kuyarudisha jioni. Wapo wanaopaka rangi nyeusi chini ya gari ili kutu isionekane, na wanaoifunga bushi iliyolika kwa ukanda wa mpira ili isigonge mbele ya mkaguzi.

Mtu wa namna hiyo hupata cheti, lakini hujidanganya. Cheti hueleza hali ya gari siku lilipokaguliwa. Hakisemi lolote kuhusu matairi yaliyorudishwa kwa mwenyewe, wala hakimzuii mwenye gari kupata hasara au kupoteza mpendwa wake wiki inayofuata.

Aidha, kuna tatizo la vipuri. Vya 504 haviuzwi kila duka kama zamani, na ukosefu huo huwavutia wauzaji wa bidhaa bandia. Kipuri kilichotolewa kwenye gari bovu chaweza kufaa kwa mlango au kioo. Kwa pedi, mipira ya breki na viungo vya usukani, heri kusubiri kilicho kipya na halali.

WAPI PA KUANZIA?

Aliyekabidhiwa orodha ndefu ya kasoro asikate tamaa, wala asianze na iliyo rahisi zaidi. Kwanza hushughulikiwa kinacholisimamisha gari, yaani breki na matairi. Pili ni kinacholielekeza, yaani usukani na viungo vyake. Tatu ni mifupa ya bodi. Nne ni taa, waipa na honi. Moshi au petroli ikiingia ndani ya gari, hilo halingoji zamu.

Ikiwa fedha hazitoshi kwa yote, gari liegeshwe hadi mambo matatu ya kwanza yakamilike. Injini yenye nguvu katika gari lisiloweza kusimama huongeza hatari tu.

Anayekusudia kununua naye aombe karatasi za ukaguzi wa awali kabla ya kufunguliwa boneti. Mwenye gari aliyezihifadhi pamoja na risiti za vipuri huonyesha kwamba amelitunza. Asiyekuwa nazo atasifu injini.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa mwenye gari kuukuu, ufa huo ni mpira wa bei nafuu unaochanika leo chini ya gari, mahali asipopatazama, huku injini ikiendelea kunguruma vizuri.